Kambi Isiyokuwa na Mwenyewe

Nchi nzima inawatania Wapare kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Kijijini kwao binti mmoja aitwaye Irine, juu kabisa ya mji wa Same, mahali ambapo barabara huchoka kabla ya gari, hakuna aliyewahi kuukasirikia utani huo. Wangeukasirikiaje? Mzee Fredrick, mwenyekiti wa wazee wa Kanisa la Chemchemi ya Mlimani, alimshitaki jirani yake Gideoni kwa ajili ya mparachichi mmoja uliosimama mpakani. Alimpeleka baraza la kata, akampeleka baraza la wilaya, akamfuata mpaka Moshi, na siku hukumu inatoka mti wenyewe ulikuwa umeshakauka na kugeuka kuni. Alishinda. Alichinja mbuzi. Jumapili yake alisimama madhabahuni akatoa ushuhuda kwamba Mungu huwatetea watu wake hata kortini.

Kwa hiyo Irine alipofungua kesi yake Mahakama ya Wilaya, hakutegemea kusikia kutoka kinywa kilekile kwamba kesi ni kazi ya shetani.

"Mkristo hampeleki Mkristo mwenzake mahakamani," Mzee Fredrick alitangaza kanisani, kidole kikiwa hewani. "Mambo yetu tunayamalizia nyumbani."

Mama yake Irine, Justa, alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Alirudi nyumbani akampigia simu binti yake aliyekuwa mjini Same, fundi cherehani kwenye kibanda karibu na stendi, akamweleza yote.

"Muulize," Irine alisema, mguu wake ukiwa bado kwenye pedali, "yule Gideoni alikuwa Mwislamu?"

"Irine, acha maneno hayo."

"Nauliza tu, mama. Au mparachichi ndio ulikuwa Mkristo, Gideoni akawa mpagani?"

Justa alikata simu. Salio lilikuwa dogo.

Kesi yenyewe haikuwa ya kuku wala ya mti. Kila mwezi wa Juni, shule zikifungwa, kanisa lile hufanya kambi ya vijana juu ya mlima, kwenye majengo ya mawe yaliyozungukwa na miti ya misindano. Watoto hupelekwa na godoro, ndoo na Biblia, na wazazi hushukuru kwa sababu ni wiki nzima bila kuwalisha. Irine alipelekwa akiwa na miaka kumi na mitano. Aliyeongoza kambi alikuwa mwinjilisti anayeitwa Anderson, mwenye sauti tamu na viatu vilivyong'aa hata kwenye tope. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba kidogo kilichoitwa chumba cha maombi ya faragha. Wasichana waliitwa humo mmoja mmoja, jioni, wakaombewe wafunguliwe. Alichowafanyia Anderson humo ndani mahakama nyingine imeshakitaja kwa jina lake, kubaka, ikampa miaka thelathini, na Irine hakuona sababu ya kumpotezea mtu huyo neno lingine hata moja.

Alilishitaki kanisa. Alilishitaki kwa sababu kanisa lilijua.

Mwaka mmoja kabla ya Irine, binti mwingine alitoroka kambini. Aliitwa Nalotuesha, wa jamii za wafugaji wa tambarare kule chini. Aliteremka mlima mchana kweupe bila viatu, akamweleza baba yake. Baba yake, Leshan, aliupanda ule mlima siku iliyofuata mpaka nyumbani kwa Mzee Fredrick, akaeleza kila kitu akiwa amesimama. Alipewa chai ya maziwa. Aliambiwa jambo lake litawekwa kwenye maombi. Alipoondoka, wazee walikubaliana kwamba watoto wa porini hawajazoea kuombewa, na Juni iliyofuata Anderson akakabidhiwa kambi tena. Safari hiyo Irine alikuwemo.

Nalotuesha alikuja mahakamani akalisema hilo, taratibu, bila kupepesa macho. Leshan naye akalisema. Wakili wa kanisa, kijana mmoja nadhifu aitwaye Rodgers, hakubishana nao sana. Hakuhitaji. Utetezi wa kanisa ulikuwa sentensi moja: kambi haikuwa yetu.

Ndiyo. Kambi ambayo jina la kanisa lilichorwa ukutani kwa rangi ya bluu, mpaka wiki ile kesi ilipofunguliwa na ukuta ukapakwa chokaa mpya. Kambi ambayo sadaka zake zilipita kwenye kapu la kanisa na matangazo yake yakasomwa na mzee wa kanisa kila Juni tangu Irine hajazaliwa. Hiyo sasa haikuwa na baba wala mama. Imeota mlimani kama uyoga. Na kama kambi si ya kanisa, basi taarifa ya Leshan ililetwa kwa mtu asiyehusika, Anderson alikuwa mpita njia, na Irine alibakwa na dunia kwa ujumla.

"Unataka nini hasa?" wakili wake, Beatha, alimuuliza siku ya kwanza walipokutana. Beatha alikuwa mzaliwa wa Msangeni, Upareni hukohuko, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa. "Fidia? Wakuombe radhi?"

"Nataka isomwe kwa sauti kwamba kambi ni yao," Irine alisema. "Vingine vyote tutaongea."

"Hakimu akikubali kwamba si yao, hatuna kesi. Unalielewa hilo?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Aliyelipia gharama ya kesi kabla ya mtu mwingine alikuwa Justa. Kanisa lilimtenga. Hakuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana, kwaya ya akina mama ikampokonya kitenge cha sare, na wale aliokuwa akilima nao tangawizi wakaanza kukumbuka shughuli nyingine kila alipotokea. Yote hayo aliyavumilia. Lililomnyima raha lilikuwa moja. Kule mlimani aliyetengwa akifa hazikwi na kanisa. Hakuna kengele, hakuna kwaya, hakuna wa kubeba jeneza kwenye ule mteremko.

"Nitafukiwa kama mbwa," alimwambia Irine.

"Mama, una afya kuliko mimi."

"Wewe cheka. Hujui uzito wa maiti kwenye mteremko."

Siku moja ya gulio, katikati ya kesi, Justa aliteremka Same na kiroba cha tangawizi, akapitia kibandani kwa binti yake. Irine alimwekea kiti, akampa maji, ndipo alipoiona mikono. Viganja vilikuwa vimechubuka, kucha zimejaa chokaa.

"Mikono imefanya nini?"

"Msaragambo," Justa alijibu, akinywa maji.

Hilo lisingemshangaza mtu yeyote wa milimani. Msaragambo ni kazi ya wote: pembe ikilia alfajiri, kila nyumba hutoa mtu, na ndivyo barabara, shule na ndiva za kukusanyia maji ya kumwagilia zilivyojengwa tangu enzi za mababu. Asiyefika hutozwa faini, na asiyelipa faini atajua siku akiwa na shida. Kwa hiyo Irine aliuliza kwa mazoea tu.

"Wa ndiva?"

Justa aliangalia stendi. Basi la Arusha lilikuwa linapiga honi.

"Mama. Wa ndiva?"

"Wa kambini," Justa alisema. "Tulibomoa kile chumba."

Irine alizima cherehani.

"Kile chumba?"

"Wamesema wanapanda miti pale. Mazingira."

"Mama, mahakama imetangaza kwamba itapanda kule kukiona kile chumba. Hakimu mwenyewe. Wewe ulikuwepo aliposema!"

"Pembe ililia, Irine! Ningefanyaje? Ningekaa ndani wakati kijiji kizima kinapita mlangoni na masururu? Tayari nimetengwa kanisani, nitengwe na msaragambo pia?" Sauti yake ilipanda mpaka muuza matunda wa jirani akageuka. "Nilienda. Nilibeba mawe kichwani kama wenzangu. Na nilipochelewa kidogo alinitoza faini, mbele ya watu."

"Nani?"

"Nani mwingine? Fredrick. Alikuwa amesimama juu ya lile jabali na fimbo yake, anaelekeza. Huyu hapa, yule pale, hili jiwe kule."

Irine alitaka kusema neno baya sana. Alimtazama mama yake, mwanamke aliyebeba kichwani mawe ya chumba alimoharibiwa mwanawe, kwa sababu pembe ililia, na akaona kwamba neno hilo baya halikuwa lake. Lilikuwa la mtu aliyejua wazi kwamba Justa angekuja. Aliyejua kwamba watu wale wangebomoa hata nyumba zao wenyewe mradi pembe imelia, na akaitumia tabia hiyo njema kufagia uchafu wake.

Alifunga kibanda, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Beatha.

Beatha alipigapiga meza kwanza. Alizunguka chumba. "Wameharibu ushahidi! Sasa tutamwonyesha nini hakimu, shimo? Miche ya mikaratusi? Na huyo mzee atasema wanakijiji wamejifanyia usafi. Atakana mpaka mwisho."

"Atamkana Anderson," Irine alisema. "Atakana kambi. Atamkana hata Leshan na chai aliyomnywesha. Lakini msaragambo?"

Beatha alisimama.

"Huyo mzee," Irine aliendelea, "alishawahi kumtoza Gideoni faini ya dume la mbuzi kwa sababu Gideoni alithubutu kuita watu wazibue mfereji bila kumwambia. Mfereji wa Gideoni mwenyewe! Kwa Mzee Fredrick, kuambiwa kwamba mtu mwingine ameita msaragambo mahali pake ni bora umtukane mama yake."

Beatha alikaa. Kisha kile kicheko kikubwa kikaanza kumtoka polepole.

"Na kwetu Msangeni wako hivyohivyo," alisema. "Baba yangu mdogo hakuongea na shemeji yake mpaka kifo, kwa ajili ya pembe."

Siku ya Mzee Fredrick kutoa ushahidi, chumba cha mahakama kilijaa watu kutoka mlimani. Walikuja na makoti ya Jumapili na chupa za uji, kwa sababu kesi ni kazi ya shetani lakini hairuhusiwi kukupita. Hakimu, mwanamama mwenye sauti ndogo na kalamu ya haraka, aliwaomba wazime simu. Mzee Fredrick aliapa kwa Biblia, akaishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Rodgers alimwongoza kwa upole.

"Mzee wetu, hii kambi ni ya nani?"

"Kambi haina mwenyewe. Ni ya vijana."

"Vijana gani?"

"Vijana kwa ujumla."

"Na Anderson, aliajiriwa na kanisa?"

"Hakuajiriwa. Aliitwa."

"Na nani?"

"Na Roho."

Hakimu aliinua kalamu. "Niandike Roho?"

"Andika, Mheshimiwa," Mzee Fredrick alisema kwa ukarimu.

"Na yule baba wa Nalotuesha, bwana Leshan, alikuja kwako kufanya nini?"

"Alikuja kuulizia malisho. Ng'ombe wao hawashibi. Nilimpa chai, akaenda zake."

Nyuma kabisa, Leshan alikaa wima na shuka lake jekundu, hakutikisika. Nalotuesha aliweka mkono juu ya goti la baba yake. Irine aliwaona, akageuka mbele upesi, maana kuna kiasi cha uongo ambacho mtu akikisikiliza akiwatazama wanaosingiziwa, anaweza kurusha kiatu.

"Kwa hiyo kanisa halina mamlaka yoyote juu ya eneo lile?"

"Hata kidogo. Sisi tulitoa baraka tu."

Rodgers aliketi, ameridhika. Beatha akainuka, akapanga joho lake bila haraka.

"Pole kwa safari, mzee."

"Ahsante, mwanangu."

"Nina maswali machache. Nasikia kambini kulikuwa na msaragambo hivi karibuni."

Rodgers aliruka kupinga, hakimu akamwambia akae. Mzee Fredrick alimtazama wakili wake, akajibu kwa uangalifu kama anayevuka daraja la mti mmoja.

"Wananchi walifanya usafi."

"Chumba cha maombi kikabomolewa."

"Kilikuwa kibovu."

"Nani aliwaita hao wananchi?"

"Walijikusanya."

Mlio mdogo ulipita kwenye mabenchi ya watu wa mlimani. Haukuwa kicheko bado.

"Walijikusanya," Beatha alirudia. "Mzee, mimi ni wa Msangeni. Kwetu watu hawajikusanyi. Kwenu msaragambo unaitwa bila pembe?"

"Pembe ililia."

"Ililia yenyewe?"

"Ililia."

Sasa kilikuwa kicheko. Hakimu aligonga meza, lakini kalamu yake ilikuwa imesimama na macho yake yalikuwa kwa shahidi.

"Naomba nikuelewe vizuri, mzee, usije ukasema nimekuonea," Beatha alisema, sauti yake ikiwa laini kama ya mkwe. "Umeiambia mahakama kwamba huna mamlaka pale kambini. Hata kidogo. Na mtu asiye na mamlaka mahali hapigi pembe mahali hapo, sivyo?"

"Sivyo. Yaani, ndivyo."

"Basi aliyepiga ni mwingine, mwenye mamlaka kukuzidi. Nikikisia kwamba ni Mzee Gideoni, nitakuwa nimekosea?"

Rodgers alikuwa mtoto wa mjini. Aliendelea kuandika. Lakini mabenchi yote ya mlimani yaliacha kupumua, na Irine akamwona Mzee Fredrick akivimba kuanzia shingoni kwenda juu.

"Nani?"

"Mzee Gideoni. Jirani yako."

"Gideoni?" Mzee alikishika kizimba kwa mikono miwili. "Gideoni apige pembe kambini kwetu? Gideoni huyu? Ataipata wapi pembe? Pembe iko kwangu! Aliipuliza babu yangu, akaipuliza baba yangu, naipuliza mimi! Pale kambini jiwe haliinuliwi, jani halikatwi, bila mimi na wazee wangu wa kanisa!"

"Shahidi," Rodgers alisema, akiinuka.

"Subiri, kijana, huyu mama ananidharau! Msingi wa ukumbi tuliuchimba sisi. Bati tulipandisha sisi. Anayelala pale, analala kwa ruhusa yetu. Funguo ninazo mimi!" Alijipiga mfukoni mwa koti, na funguo zikalia mle ndani kwa sauti ambayo hakuna wakili angeweza kuipinga. "Niliita kila nyumba, na aliyechelewa nilimtoza faini. Hata huyo mama yake mlalamikaji nilimtoza! Mwulizeni! Gideoni, ati! Gideoni hawezi kuita hata kuku wake!"

Hakimu alikuwa anaandika, na katika chumba kizima kulisikika kalamu hiyo tu. Aliandika muda mrefu.

"Kambini kwetu," alisoma, bila kuinua kichwa. "Nimelisikia sawasawa, shahidi?"

Mzee Fredrick alimtazama Rodgers. Rodgers alikuwa anatazama dari.

"Sina swali jingine," Beatha alisema, akaketi.

Rodgers aliomba mapumziko mafupi, na hakimu akampa. Nje kwenye kibaraza upepo mkavu wa Same ulikuwa unarusha vumbi mpaka mlangoni. Wazee wa kanisa walimzunguka Mzee Fredrick wakimnong'oneza kwa hasira, kisha wakamsukuma mbele, maana ndivyo walivyozoea: aliyeharibu ndiye msemaji. Alimfuata Justa. Kwa Irine hakutupa hata jicho. Kwenye mlima wao, anayeombwa ni mzazi, hata kama aliyevunjwa ni mtoto.

"Mama Irine," alianza, ameshusha sauti, "hasira za nini? Sisi ni watu wa mlima mmoja. Tumekaa na wazee. Hili jambo likiisha leo, hapahapa, bila hukumu kusomwa, tunakurudisha kundini Jumapili ijayo. Meza ya Bwana, kwaya, kila kitu. Na ile nyumba yako inayovuja," aliinua fimbo kidogo, "naita msaragambo. Kijiji kizima. Tunakujengea ya mawe."

Irine hakumwogopa Rodgers, wala mzee, wala hakimu. Aliogopa uso wa mama yake. Aliona jinsi ulivyolegea kwa nukta moja mzee alipotaja kundi, kwa sababu huyo mjinga wa fimbo alikuwa ameupata mlango wenyewe. Kengele, kwaya, na mabega ya kubeba jeneza. Irine angeweza kumkatalia mtu yeyote duniani, lakini mama yake akisema tuishie hapa, mwanangu, nimechoka, angemwambia nini? Alifungua mdomo, Beatha akamgusa mkono, akaufunga.

"Ya mawe," Justa alisema.

"Ya mawe. Vyumba vitatu."

"Mawe yapi?"

Mzee Fredrick hakuelewa. "Mawe, mama. Yako mengi. Hata yale ya juzi yamelundikwa tu pale kambini."

Justa aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia alichokuwa anangoja.

"Yale niliyoyabeba."

"Mawe ni mawe, Mama Irine."

"Nililala na maumivu ya shingo siku mbili, Mzee Fredrick. Nikasema ni uzee. Kumbe ulikuwa unanibebesha nyumba yangu." Hakupaza sauti, na pengine ndiyo sababu wazee wote walinyamaza wamsikie. "Ulimwona mwanangu anavyotoka ndani ya kile chumba ukasema atakuwa ameguswa na Roho. Ulimwona Leshan amesimama mlangoni kwako ukampa chai. Sasa unataka mimi nikalale ndani ya hayohayo mawe, na ninyi mpite mkisema, angalieni, tulimjengea."

"Na ukifa?" mzee mmoja nyuma alisema, kwa ukali wa mtu anayetoa silaha yake ya mwisho. "Ukifa nani atakuzika?"

"Nitakuwa nimekufa," Justa alijibu. "Shida hiyo ni yenu. Mkiona nanuka mtanizika tu."

Beatha aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Irine hakucheka. Alimshika mama yake mkono, ule uliochubuka, wakarudi ndani, na kesi ikaendelea.

Hukumu ilisomwa mvua za vuli zilipoanza. Irine alikuwa amejiandaa kulia na hakulia. Alikaa amenyoosha mgongo, akisikiliza sauti ndogo ya hakimu ikipita ukurasa baada ya ukurasa. Kwamba mahakama imemwamini Nalotuesha, na imemwamini baba yake. Kwamba mtu hawezi kushika funguo za mahali, kuita watu mahali, kutoza faini mahali na kubomoa mahali, kisha akasema mahali hapo hapamhusu. Kwamba kambi ilikuwa ya mdaiwa, imeendeshwa na mdaiwa, na mdaiwa alipewa taarifa akanyamaza. Kisha fidia, kisha gharama, mambo ambayo Beatha aliyaandika upesi na Irine hakuyasikia, kwa sababu alikuwa bado anairudia ile sentensi kichwani, neno kwa neno, kama anayejaribu nguo mpya mbele ya kioo na kuona inamkaa.

Watu walitoka. Kwenye ngazi za mahakama Mzee Fredrick alikuwa amesimama peke yake na fimbo yake, akisubiri gari la kupanda mlimani. Wenzake walikuwa wamepata shughuli nyingine. Irine alikuja moja kwa moja kuelekea kwake, na mzee akajiweka sawa, akainua kidevu, tayari kupokea shikamoo yake. Hukumu ni hukumu, lakini binti wa mlimani hampiti mzee bila kumwamkia, na hata huyo binti wa Justa alikuwa amelelewa.

Irine alisimama mbele yake.

"Mzee," alisema, "habari za kambi yako?"

Mzee Fredrick alifungua mdomo upesi, kwa mazoea, ili aseme si yake. Kisha akamwona Rodgers chini ya ngazi, akimtikisia kichwa kwa nguvu kwamba hapana, mzee, usiikane tena. Mdomo ukabaki wazi. Vumbi la Same likapita.

"Usiharakishe," Irine alimwambia. "Una barabara nzima ya kupanda, ufikirie."

Akamfuata mama yake sokoni.